Moto wa Kijani

Moto ule ulikuwa mzuri kuutazama, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kuni zikiwaka unajua utaona rangi gani. Huu ulitoa ndimi za kijani, kijani cha shingo ya tausi, zikipanda na kushuka mdomoni mwa pipa. Vijana wangu walikuwa wamevuta vigoda, mmoja anachokoa kwa ufito, mwingine anapiga picha kwa simu. Ilikuwa Juni 2019, nyuma ya karakana yangu Tabata, Dar es Salaam, na tulichokuwa tunachoma ni mabango ya meshi ya mradi uliokwisha. Amri niliitoa mimi. Mafuta ya taa niliyanunua mimi.

Kanisani kwetu anayesimama kushuhudia huanza kwa kutaja alikotolewa, na wapo wanaokaa kwenye dhambi muda mrefu kuliko kwenye wokovu, maana huko ndiko kwenye hadithi. Nitajitahidi nisifanye hivyo. Ila lazima niseme kwamba moto ule haukuwa wa kwanza. Nilikuwa nimechoma kwa miaka mitano, nikijua kuwa moshi unanuka na nikijizuia kujua zaidi.

Mjini wananiita Mama Mabango. Nilianza na stika za vioo vya daladala, nikaenda kwenye fleksi za harusi na mikutano, na mwaka 2014 nikaingia kwenye nyuzio za saiti za ujenzi. Kazi ya kwanza tulifunga fleksi nzima, isiyo na tundu hata moja, kwenye mabati ya saiti iliyo karibu na bahari. Ilikuwa Julai, kusi imeshika. Usiku wa tatu bango likawa tanga na uzio ukawa mlingoti: mita kumi na tano za mabati zililala juu ya bajaji iliyoegeshwa. Mwenye bajaji alikuwa amekwenda kunywa chai, Mungu ni mkubwa. Nililipa kioo, paa na kipato chake cha wiki mbili, na tangu hapo sikufunga kitu kwenye uzio ila meshi.

Kwa asiyeijua, meshi ni bango lenye matundu. Ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara unaona picha nzima: ghorofa litakavyokuwa, miti ambayo haijapandwa, mama na mtoto wanacheka. Sogea mpaka pua ikaribie kuligusa, picha inapotea. Unaona nyuzi zimesukwa kama mkeka, tundu baada ya tundu, na ndani ya matundu unaona mafundi wanachanganya zege. Nyuzi zenyewe ni polista. Juu yake zimevikwa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, ila imelainishwa kwa mafuta maalumu ili ikunjike. Upepo unapita, picha inabaki, bajaji inasalimika.

Ni kitu imara. Na uimara wake ndio unaosumbua, kwa sababu mradi una tarehe ya mwisho na meshi haina. Siku ya makabidhiano mkandarasi anataka eneo lionekane jeupe. Wageni wanakuja na mkasi wa kukata utepe. Kwenye mkataba wangu paliandikwa "kufunga na kushusha". Baada ya kushusha hapakuandikwa kitu.

Tarehe 1 Juni mwaka ule wa moto, mifuko ya plastiki ya kubebea ilikuwa imepigwa marufuku Tanzania nzima. Sokoni wauza nyanya walikuwa wanafungia gazeti. Mimi nilinunua kikapu kipya cha ukindu, nikakibeba kwa maringo, raia mwema. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Mfuko wa nyanya una gramu chache. Uzio niliokuwa nimeushusha ulikuwa na urefu wa mita 240 na kimo cha mita 1.80, meshi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ni karibu kilo 130. Nilitoka sokoni na kikapu changu mkononi, nikaenda kuwasha kilo 130 za plastiki.

Tulichoma kwa sababu mbili. Kukodi kirikuu mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi ni gharama, na ringi zilikuwa na soko. Kila kipande cha meshi cha mita sita kina ringi kama thelathini za kupitishia kamba. Uzio mzima una zaidi ya elfu moja. Kuzing'oa kwa koleo ni kazi ya siku mbili. Moto unazing'oa usiku mmoja. Asubuhi kijana anapitisha sumaku kwenye majivu, zile za chuma kilichopakwa rangi zinanasa, zile za shaba tunaziokota kwa mkono, tunawapelekea wa vyuma chakavu. Tulikuwa tunaona ni akili.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa kemia. Jioni ile alipanda juu ya tofali, kichwa kikatokeza juu ya ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mnachoma nini?"

"Takataka tu, Mwalimu."

"Takataka gani inawaka kijani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, akashuka kwenye tofali lake.

Asubuhi alikuja na waya wa shaba, koleo na jiko dogo la gesi, kama anaingia darasani. Akaushika waya kwa koleo, akauweka motoni mpaka rangi zote zikaisha na mwali ukabaki wa buluu. Akaugusisha ule waya wa moto kwenye kipande cha chupa ya maji, akaurudisha kwenye mwali: hakuna kitu. Akausafisha kwa moto, akagusa ndoo iliyopasuka: hakuna kitu. Akagusa kipande cha bomba: mwali ukageuka kijani. Akagusa meshi yangu: kijani, tena kikali.

"Hii ni klorini imekutana na shaba," akasema. "Jaribio la Beilstein, la mwaka 1872. Nimelifundisha miaka thelathini kwa waya. Wewe umelifanya kwa pipa zima. Ringi zako zilikuwa zinakushitaki."

Ndipo akanieleza, polepole, kama kwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC, kabla haijachanganywa na vilainishi, ni klorini. Ukiichoma, klorini haiteketei. Inatoka kama hewa yenye asidi, ile inayokwaruza koo. Moto wenyewe ukiwa hafifu, kama wa pipa, zinazaliwa pia dioksini, ambazo huzioni wala huzinusi, zinashuka kwenye majani, kwenye mayai ya kuku wa kienyeji, kwenye maziwa, na zikishaingia kwenye mafuta ya mwili hukaa miaka. Mataifa yalikubaliana Stockholm mwaka 2001 kuzidhibiti, na nchi yetu imo. Kisha akanishika mkono akaniongoza mpaka kwenye banda la choo changu. Bati la upande wa pipa lilikuwa limeota kutu mpaka limetoboka. La upande wa pili, lililonunuliwa siku moja na lile, lilikuwa linang'aa.

Mwalimu ana mjukuu mwenye pumu. Hakumtaja. Nilijua yupo, na yeye alijua kuwa ninajua.

Ningependa kusema nilibadilika palepale. Ukweli ni kwamba nilichofikiria kwanza ni wapi pengine pa kutupia. Nilikuwa na uzio mwingine wa kushusha mwezi uleule. Nikampakilia dereva wa kirikuu roli mbili, twende kwa mnunuzi wa plastiki, kule wanakopeleka chupa wale vijana wa viroba.

Mnunuzi aliishika meshi kwa vidole viwili, akaivuta, akanirudishia.

"Hii sichukui, dada."

"Kwani siyo plastiki?"

"Plastiki, na siyo plastiki. Ndani uzi, nje mpira. Nani atazitenganisha? Halafu mzigo wangu wa chupa ukikutwa na hii, unarudi wote. Nauli juu yangu."

Mwalimu alinifafanulia baadaye. Plastiki ya chupa za maji huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi. PVC haifiki huko salama. Inaungua kabla, inakuwa vijiwe vyeusi, inatoa asidi inayokula mashine. Kipande kidogo kinaharibu mzigo. Nimewahi kusikia wateja wakijivuna kwamba mabango yao "yanarejelezwa". Huwa nawauliza: na nani? Mjini hapa sijampata. Hata Italia, mjini Ferrara, kulikuwa na kiwanda kilichoweza kuyeyusha PVC kwa kimiminika na kuitenga na nyuzi za polista. Kilianza 2002, kikafungwa 2018, na kilichochangia ni vile vilainishi vya zamani, ambavyo sheria za Ulaya hazikutaka tena virudi kwenye bidhaa mpya. Kama wao wenye mashine walikwama, mimi wa Tabata nisijidanganye na alama ya mishale mitatu.

Hapo nikaingia kwenye kipindi ninachokiona kibaya kuliko cha moto, kwa kuwa cha moto sikujisifu. Nilianza kugawa. Mama mwenye kitalu cha miche akapata. Mfuga kuku akapata. Dereva wa lori la mchanga akapata vipande viwili vya kufunikia mzigo ili asimwage barabarani. Kwa mfuga kuku nilipita wiki iliyofuata, nikakuta jogoo anatazama nje kupitia maandishi makubwa: SAMAHANI KWA USUMBUFU. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye simu, watu wakanisifu. Nikawa mtetezi wa mazingira kwa wiki tatu.

Kitalu kilinifundisha kwanza. Mama yule alitandaza meshi juu ya fito, kimo cha mtu, akapanga chini yake viriba vya mipapai na pilipili hoho. Mwezi wa kwanza alinipigia kunishukuru: jua la saa saba halichomi tena, na mvua ya vuli haipigi udongo ukaruka. Mwezi wa pili akanipigia tena.

"Njoo uone, mama."

Upande mmoja wa banda miche ilikuwa minene, majani yamekaa. Upande mwingine ilikuwa mirefu kama watoto waliokua kwa kuugua, shingo nyembamba, yote imeinama upande mmoja kutafuta mwanga. Tukatazama juu. Upande wenye afya ulifunikwa na sehemu ya bango yenye anga: nyeupe na buluu hafifu. Upande wenye ugonjwa ulifunikwa na sehemu ya ghorofa na jina la mradi, wino mzito mweusi na buluu ya usiku. Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu tu. Kumbe picha niliyoiuza kwa mita inaendelea kufanya kazi hata baada ya kusahauliwa. Tulikata, tukabakiza anga, tukalipeleka ghorofa pembeni kama ukuta wa kukinga upepo. Tangu siku ile kila meshi inayoshuka tunaitandaza chini kwanza na kutenga zinazopitisha mwanga na za giza.

Dagaa ndio walionitoa machozi. Pale Kunduchi nilikuwa nimewapa vipande sita kina mama wanaoanika dagaa. Walivifunga kwenye chanja, na kwa macho hakuna kitu kilichofaa kuliko kile: hewa inapita chini, mchanga haurukii, dagaa wanakauka kwa siku moja na nusu. Nilimsimulia Mwalimu kwa furaha. Alinyamaza, kisha akaniuliza ile meshi inalainishwa na nini.

"Mafuta, ulisema."

"Na dagaa wana nini?"

Vilainishi vile havijashikamana na plastiki. Vinakaa ndani yake kama maji kwenye sponji, na vinapenda mafuta. Weka samaki mwenye mafuta juu yake, kwenye jua la Dar es Salaam, na juu ya meshi kuna wino wa kiwandani ambao haukutengenezwa kwa ajili ya sahani ya mtu. Sikulala. Alfajiri nilikuwa Kunduchi.

"Shikamoo mama zangu. Nimekuja kuchukua zile chanja."

"Marahaba mwanangu. Uchukue kwani tumekukosea nini?"

Nilieleza. Mmoja, mkubwa wao, alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika kiuno, dagaa wanang'aa nyuma yake kama sarafu.

"Sasa mwanangu, hili ulilijua ulipotuletea?"

"Sikujua, mama."

"Uliuliza?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua nyavu za zamani kutoka kwa wavuvi wa palepale, nikalipa vijana wakazifunga kwenye zile fito, nikaondoka na meshi zangu sita zinanuka samaki mpaka dereva akafungua vioo vyote. Dagaa waliokuwa wameshakauka juu yake nilivinunua viroba vyote viwili. Sikuwala wala sikuwauza, na mume wangu hakuniuliza vilikokwenda.

Neno lile la "uliuliza?" limekaa nami kuliko mahubiri yoyote. Kumbe kugawa kwangu kulikuwa kuchoma kwa njia nyingine. Kitu kinatoka mbele ya macho yangu, mimi nabaki msafi, shida inahamia kwa mama wa dagaa.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kuisoma meshi kama muuza maembe anavyosoma embe. Jua la huku linakausha vile vilainishi. Plastiki inakuwa ngumu, inapauka, inapasuka. Kunja kona ya meshi mara mbili, bana kwa nguvu, kisha kwaruza mkunjo kwa ukucha. Ukisikia tu mkwaruzo, bado ina maisha. Ukiona ukoko mweupe umebaki chini ya ukucha na nyuzi zimeonekana, hiyo imekwisha. Ukiitumia nje itapukutisha vipande kama mba, mwaka mzima, kwenye udongo wa watu. Meshi iliyokaa mwaka mmoja upande wa kivuli mara nyingi inafaulu. Iliyotazama magharibi miaka miwili, kona zinafaulu na katikati panashindwa.

Cha pili ni cherehani. Mwanangu alinionyesha kwenye simu ndugu wawili wa Zurich, Markus na Daniel Freitag, ambao tangu 1993 wanashona mabegi kutoka kwenye maturubai ya malori, mkanda wa bega ukitoka kwenye mikanda ya usalama ya magari. Mikanda ya magari! Ilala imejaa. Nikampata fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito, tukashona mifuko kumi. Tisa ikachanika. Tulishona kwa kishono kifupi, kama cha sketi, na meshi ikakatika kwenye mstari wa sindano mithili ya stempu ya posta. Uzi nao ulikuwa wa pamba, ukaoza na jasho. Fundi akakuna kichwa, akarefusha kishono mpaka karibu nusu sentimita, akaweka uzi wa polista, akakunja ukingo mara mbili na kuupigia utepe wa fleksi nzima juu yake. Huo mfuko wa kwanza uliofaulu bado ninao. Niliujazia matofali manne, tukauning'iniza kwenye mwembe siku tatu.

Mteja tulimpata kwa bahati. Kocha wa timu ya vijana mtaani alikuja kuchapa jezi, akauona, akauliza kama viatu vyenye tope vinaweza kukaa humo. Vinaweza: tope likikauka unautikisa, mchanga unatoka kwenye matundu. Akachukua kumi na minane. Mafundi ujenzi wakafuata kwa ajili ya vyombo vyao. Kwa chakula siuzi. Akija mtu anataka cha kubebea samaki namwelekeza kwenye vikapu vya ukindu, na nina kimoja cha mfano.

Halafu ikaja simu ya mteja mmoja mkubwa. Nembo ya kampuni yake imeonekana kwenye banda la kuku lililopakana na kilabu cha pombe, na mkurugenzi hakufurahi. Nilitaka kumjibu kwamba nembo ile haijawahi kutazamwa na watu wengi waliochangamka kiasi kile. Nikajizuia. Alikuwa na haki yake: alilipia bango, hakulipia kilabu. Kuanzia hapo tunakata nembo kabla ya chochote, na kila uzio unatuachia vipande vya majina ya makampuni visivyo na pa kwenda. Vipande hivyo, pamoja na meshi zilizofeli ukucha, tunazikatakata nyembamba na kuwapa vijana wa ngumi wa Manzese wanaojaza mabegi ya mazoezi. Zinafungwa ndani, hazioni jua, hazipukutiki. Lakini mabegi ya ngumi mjini si mengi kama nyuzio.

Nilichelewa kuona jambo lililokuwa limekaa mezani kwangu muda wote: maisha ya pili ya bango huamuliwa siku linapoagizwa. Siku ya kulishusha umeshachelewa. Mteja akija sasa, kabla ya rangi na bei namuuliza bango litashuka lini na litakwenda wapi. Wengine wanashtuka, kama umemuuliza bwana harusi habari za talaka. Namshauri tarehe na jina la awamu viwe kwenye kipande cha pembeni kinachobanduliwa, ili sehemu kubwa itumike kwenye saiti inayofuata. Mkandarasi mmoja amezungusha uzio uleule saiti tatu. Vipande vyote tunakata mita sita, si kila saiti na kimo chake. Picha tunaiacha na anga nyingi, na mchoraji wangu ameshachoka kuniuliza kwa nini. Ringi tunazing'oa kwa koleo.

Na mara nyingine nasema maneno ambayo mfanyabiashara hapaswi kuyasema: meshi huihitaji. Mabati yako ni mapya, tafuta mchoraji, akuchoree. Mji huu una watu waliozoea brashi na rangi ya mafuta tangu kabla mchoraji Tingatinga hajajulikana, na wanakaa vijiweni wanasubiri kazi kwa sababu yangu na mashine yangu. Kwa ushauri huo nimepoteza kazi mbili kubwa. Moja mteja alichukua mchoraji kweli, uzio ukapendeza. Nyingine alikwenda kwa mshindani wangu akafungiwa meshi mita mia tatu. Hiyo ya pili bado inaniuma, sitadanganya.

Tangu 2021 kila kipande kinachotoka kwangu kina maandishi madogo kwenye pindo, chini kulia: namba yangu ya simu, na maneno kwamba bango likichakaa usilichome, nipigie. Vijana walinicheka. Walisema nitageuka jalala la taifa.

Mwezi uliopita simu iliita nikiwa juu ya ngazi. Sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake mbuzi wanalia.

"Wewe ndiye mwenye bango?"

"Shikamoo mama. Bango gani?"

"Marahaba. Hili la zizini. Limeanza kubanduka, vitu vyeupe vinaangukia majani ya mbuzi. Mwanangu wa lori ndiye aliniletea. Nilikuwa nalichoma, ila nikasema kwanza niheshimu maandishi."

Alikuwa Muheza. Nikamwomba alikunje roli, alifunge, ampe konda wa basi la Dar es Salaam. Nauli nikatuma kwa simu, na kidogo ya kununua wavu mwingine. Kesho yake jioni nililipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Lilikuwa anga tupu, lile la kazi ya miaka mitatu nyuma, limepauka mpaka limekuwa jeupe, linanuka beberu. Konda alinikabidhi kwa mkono mmoja, mwingine umeziba pua. Dukani kwa jirani tulilipima: kilo tatu na robo, kama siku lilipotoka. Nililiandika kwenye daftari, nikaliweka kwenye rundo la Manzese. Kamba aliyolifungia ilikuwa ya mkonge, nzima kabisa. Niliifungua fundo, nikaitundika msumarini.